Viganja vya Bi Ulimi

Kila siku saa moja asubuhi, kabla tanki lolote halijafunguliwa, mwonjaji wa kiwanda cha maziwa husukutua kinywa kwa maji ya vuguvugu. Hanywi chai, hagusi kitunguu, hajipulizii manukato. Miaka kumi na minane kazi yake ni hiyo, na wenzake humwita Bi Ulimi.

Juma lile, baada ya homa, ulimi wake ukawa mtupu. Chumvi, ndimu, maziwa, vyote kwake vilikuwa maji tu. Vipokezi vyake vya ladha vilikuwa vimehamia viganjani. Aligundua akifua, sabuni ilipokuwa chungu mikononi. Muuguzi wa kiwanda akavitazama kwa lenzi. Kila kipokezi kilikuwa kikingoja kemikali yake, na kikiipata kinapeleka habari ubongoni bila kuchelewa.

"Viko salama, dada yangu," akasema. "Ila usiviache vikauke. Kisichoyeyuka hakionjeki."

Meneja hakuwa na neno na viganja. Neno lake lilikuwa ulimi, maana ndio uliomo kwenye mkataba. Akaamua Bi Ulimi apimwe Ijumaa mbele ya wafanyakazi wote. Akikosea hata mara moja, afungashe virago. Tusidanganyane, mama wa watu alilia.

Ijumaa ikafika. Glasi sita mezani, kila moja ina maziwa ya tanki lake. Bi Ulimi akalowesha viganja, akaanza kuchovya.

"Haya ya jana. Haya yameongezwa maji. Haya ng'ombe wake alikuwa kwenye matibabu."

Mpimaji wa maabara ya kiwanda akatikisa kichwa kukubali, glasi baada ya glasi, mpaka ya mwisho.

"Haya yametiwa dawa ya kuhifadhia maiti. Tanki la sita."

Mpimaji akasoma karatasi yake ya majibu. Ni kweli. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Meneja, kiganja kikimtoka jasho, akampa mkono wa hongera na kutangaza kuwa kazi ni yake mpaka astaafu.

Bi Ulimi akaupokea ule mkono, akauonja.

"Ni dawa ile ile, bosi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tena ya leo asubuhi."

Watu wakashangilia maradufu. Walimbeba juu juu hadi uani, naye alicheka kwa furaha isiyo kifani, mikono yote hewani. Karibu na lango wakasogea pembeni, kupisha gari lililokuwa likitoka na maziwa ya tanki la sita.