Wiki Tatu Bila Jembe

Bwana Liang, jirani yangu hapa Peckham ughaibuni, alipokwenda kwa binti yake siku kumi, mimi nilimfanyia wema. Bustani zetu nyuma ya fleti zimepakana. Yangu ni safi, mistari imenyooka. Yake ilikuwa kichaka, majani makavu yametandazwa kama godoro. Kwetu Nyeri wangeuliza kama mwenye shamba ni mgonjwa. Basi nikashika jembe. Siku mbili nzima nililima, nikajaza majani mifuko saba, gari la taka likaibeba.

Aliporudi alisimama pale, kofia mkononi. Akaingia kwake. Siku nne hakunigongea mlango kwa chai ya saa kumi, nami nikaumia, maana tangu baba watoto afariki, rafiki wa rika langu nimebaki na huyo tu.

Siku ya tano nikampelekea mandazi. Mjukuu wangu Mumbi, aniitaye Shosho, akaja kunisaidia Kiingereza.

"Dada Mkubwa," akasema Bwana Liang, ambaye huniita hivyo ingawa amenizidi miaka minne, "wenye fikra wa kwetu wa kale walifundisha kwamba mbingu, ardhi na mtu ni kitu kimoja. Wewe umeivua ardhi blanketi, tena ukalitupa!"

"Nisamehe. Nifanye nini turudi kama zamani?"

"Wiki tatu, njoo ukae kitini, unywe chai na mimi. Usiguse kitu."

"Hata jani moja?"

"Hata nusu."

Mumbi akacheka. "Shosho hawezi! Hata kanisani hupanga viti vya wenyewe."

Nilikaa. Siku ya kwanza mikono iliniwasha, nikaikalia. Siku ya tatu nikaanza kusikia nyuki. Mvua ikanyesha, minyoo ya udongo wakapanda juu, ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano akawafuata, nami nikamtazama mpaka chai ikapoa.

Wiki ya tatu udongo ukachipua wenyewe, vijani vyenye wekundu katikati, vingi kama mchele uliomwagika. Nikaruka. "Mumbi! Terere! Haki ya Mungu, mchicha wa kwetu hapa Peckham!"

Bwana Liang alikuwa keshapiga magoti. "Mama alitupikia haya kwa kitunguu saumu! Mbegu zililala chini miaka, jembe lako limeziamsha."

"Na kiti chako kimeziokoa. Ningekuwa huru, ningezing'oa zote nikidhani ni magugu."

Jioni ile tulikula majani yale kwa ugali kwangu. Bwana Liang alimega vibaya, akaunguza vidole, akaomba tena.