Fidla Nyuma ya Mlango

Mkaza mwana akifunga mlango mchana, mama mkwe hukohoa akapita. Zuleikha alikohoa, ila hakupita.

Alisimama uani na ungo wa mchele mkononi, akijifanya anachagua mawe, sikio lake likiwa chumbani kwa mwanawe Hussni. Ndani kulikuwa kukilia fidla. Si moja, ni nyingi, zikipanda na kushuka kama wanawake wanaolia msibani huku wamefumba midomo. Hapakuwa na mwimbaji. Hapakuwa na neno hata moja, la Kibajuni, la Kisomali wala la Kiarabu. Na chini ya mlango ilipenya harufu ya udi.

Hapo ndipo mwili ulipomsisimka.

Pale kisiwani Ngumi, watu wa rika lake walijua maana ya mambo hayo. Zamani, mgonjwa asiyejulikana ana nini alifungiwa chumbani, akafukizwa, kisha fundi akampigia zumari, wimbo baada ya wimbo, akiutafuta ule wa pepo mwenyewe. Mgonjwa alilala kama gogo mpaka wimbo wake ulipoguswa. Hapo machozi yalimtoka. Basi pepo keshapanda kichwani, na hatoki bure. Kila mwaka atataka karamu yake.

Na juzi, kwenye ufa wa mlango, Zuleikha alimwona Hussni akilia.

Hussni alikuwa fundi wa mashua. Tangu boti waliyopanda na rafikiye Mbwana kutoka Kismayo ilipopinduka karibu na Kudhaa, akarudi peke yake, usingizi ulimpaa. Mikono ilimtetemeka hata asiweze kukalafati, kuziba kwa pamba ufa wa ubao mmoja, na maneno yakamwisha. Mkewe Arafa alizaliwa Mombasa kwa wakimbizi wa hapo hapo Ngumi, akasomea uuguzi huko huko. Msichana mpole, mwenye adabu. Na upole mwingi, kwa alivyojua Zuleikha, huficha mengi.

Habari hizo alizipeleka kwa shogake Twahira, wakipara samaki.

"Umemuuliza?" Twahira alisema.

"Nimemuuliza. Ati ni muziki wa Wazungu wa kale. Unatuliza mapigo ya moyo na pumzi, apate usingizi. Nikamuuliza aliyeutunga ni nani. Ati amekufa yapata miaka mia mbili."

Twahira aliacha kisu. "Marehemu?"

"Marehemu."

"Na bado anawaliza watu?"

"Ndiyo nakwambia."

"Pepo wa Kizungu wana gharama, shoga. Wetu hutosheka na halua na kuku mwekundu. Hao watataka keki."

Zuleikha hakucheka. "Mwanangu akishakuwa kiti cha pepo, si wangu tena. Mke ndiye atakayeshika kamba. Nitamwambia Hussni amwache, mke arudi kwao Mombasa."

"Kwanza hakikisha. Ukiivunja nyumba kwa dhana, utakuja kuijenga kwa nini?"

Njia ya kuhakikisha aliijua. Mtu aliyepandwa na pepo hanywi kombe. Alimwendea mwalimu wa chuo cha Qurani, akamwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Zuleikha akaziosha kwa marashi, akazimimina kikombeni, akangoja alasiri. Fidla zilipopanda hasa, pepo akiwa, kama yupo, ameshakaa vizuri, aliusukuma mlango bila hodi.

Hussni alikuwa amelala chali juu ya mkeka. Arafa ameketi kando yake, kiganja chake juu ya kifua cha mumewe, kikipanda na kushuka kwa pumzi. Simu ilikuwa juu ya mto. Alipokiona kikombe, Arafa aliinama haraka aizime.

"Iache."

"Mama, hizo ni aya, na huu ni muziki."

"Mola anaijua nia yangu. Iache. Na huu udi wa nini?"

"Chumba kina uvundo, mama. Na mbu."

Jibu lilikuwa jepesi mno. Wenye hila ndio wenye majibu mepesi.

Alimwinua mwanawe kichwa, akamtia kikombe mdomoni, macho yake kwenye vidole vya Hussni. Sasa atakipiga teke. Sasa atatema, atanguruma kwa sauti isiyo yake. Hussni, machozi bado mashavuni, alikunywa polepole mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo.

"Marashi yamezidi, mama," alisema.

Sauti ilikuwa ikikwaruza, lakini ilikuwa yake. Zuleikha alikaa chini kando ya mkeka. Hata hivyo hakusalimu amri.

"Basi unalia nini?"

Hussni alitazama boriti za dari. "Mbwana aliniita, mama. Mimi nimeshika ubao, yeye aniita jina, mpaka akanyamaza. Tangu hapo kila mchu, awe nani, akinena namsikia yeye. Hata akinipa pole. Hata redio." Aliielekeza simu kwa kidevu. "Humu hamna mchu aniitaye. Ndipo naweza kumlilia. Nikishamlilia, nalala."

Arafa alikuwa ameinamisha uso, na Zuleikha, aliyekuwa akiitafuta hila katika uso ule, aliona msichana mwenye macho mekundu kwa kukesha. Hata hilo alilitazama mara mbili.

Fidla zilishuka. Pumzi za Hussni zilirefuka nazo, kisha zikaendelea zenyewe. Alikuwa amelala.

Zuleikha aliokota kikombe chake akatoka. Uani alisimama, akafikiria jinsi alivyozoea kumwita mwanawe kula, kwa jina, kutoka jikoni, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Asubuhi na mchana na jioni. Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Siku ya pili wali ulipoiva hakuita. Alibeba sinia mwenyewe, akaketi kizingitini. Mlango aliutaka wazi, hilo hakulegeza.

"Bado sana?" alimnong'oneza Arafa.

"Bado kidogo, mama."

Zuleikha aliitupia simu jicho la pembeni, akafunika sinia kwa kawa wali usipoe.