Shuka Lisiguse Sakafu

Mama alikufa Jumanne asubuhi, wakati binti yake ameshika kiatu cha mtoto mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili. Maji ya kuoga yalikuwa yanachemka jikoni. Mtoto mkubwa alikuwa anatafuta soksi chini ya kochi, mdogo analia kwamba kola ya sare inamwasha, na baba watoto, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku, ndiyo kwanza anaingia, anavua buti mlangoni na kuuliza kama kuna chochote cha kutia tumboni. Katika hekaheka hizo mama aliita kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti yake ya siku zote.

"Mwanangu, nimekufa. Njoo ukae kidogo tuagane, niende zangu."

"Nakuja, mama," binti alijibu. "Namvalisha huyu viatu."

Asionekane mtoto asiye na adabu. Alimpenda mama yake, alimwogesha na kumlisha tangu miguu ilipomkataa, na hakuwahi kumjibu vibaya hata siku moja. Nafasi tu ndiyo hakuwa nayo. Alipomaliza viatu ikabidi aepue maji, alipoepua maji ikabidi apashe chai ya mume, na kabla chai haijachemka gari la kiwanda likapiga honi barabarani. Alichungulia chumbani akamwona mama ameegemea mto, uso umepoa, macho yako mlangoni.

"Jioni, mama. Nikirudi tutakaa."

"Haya, mwanangu. Nitangoja."

Muuguzi wa mtaa alipita mchana. Alipokewa na jirani, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mweupe ambaye kila siku alishinda na mgonjwa. Muuguzi alishika mkono, akasikiliza kifua pande zote mbili, akasema ndiyo, mama huyu amekufa, wala hakuna ubishi. Akashauri dirisha liachwe wazi.

"Sasa mbona haendi?" jirani aliuliza.

"Hajaagana na mwanawe," muuguzi alisema, akifunga mkoba. "Waagane. Wengi siku hizi wanakwama hapo."

Binti alifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Yeye alikuwa upande wa kukunja. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja; linakunjwa na wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, wanalinyoosha, wanaendeana, mmoja anampa mwenzake pembe, wanaachana tena. Kutwa nzima wanakutana na kuachana. Mwenzake alikuwa mwanamke waliyemwita Mrefu, kwa sababu alikuwa mrefu na hakuna aliyekuwa na muda wa kumtafutia jina jingine. Walikunja pamoja miaka na miaka, na kila mmoja aliujua mkono wa mwenzake vizuri kuliko sura yake. Kuzungumza hawakuweza. Mashine zilinguruma, na wakati walipokaribiana pua kwa pua ndio wakati wa kuachana.

Kulikuwa na kanuni nyingi pale, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa shuka lisiguse sakafu. Lililogusa sakafu lilirudi kufuliwa, na waliolidondosha walibaki mpaka litoke tena. Hata umeme ukikatika, kila mtu alitakiwa asimame alipo, shuka mkononi, mpaka urudi.

Jioni ile alifika nyumbani akakaa. Alikaa kweli, juu ya kigoda, goti lake linagusa kitanda, akaushika mkono wa mama uliokuwa baridi.

"Haya, mama. Nimekaa."

Mama alimtazama kitambo. "Hujakaa," alisema kwa upole. "Unahesabu soksi."

Kweli alikuwa anahesabu soksi. Maiti husikia mambo ya namna hiyo bila taabu.

"Siyo soksi sasa," mama aliendelea. "Sasa ni ile sufuria. Umeiacha jikoni, unaogopa itaungua. Nenda, mwanangu, kaiangalie."

Alikwenda. Sufuria ilikuwa imeshaanza kushika. Akasonga ugali, akagawa, akaosha vyombo, akakagua kazi za shule, akampigia mume pasi sare ya ulinzi, na aliporudi chumbani, kichwa kikaanguka kwenye godoro akalala palepale. Asubuhi mama akamwambia kulala hakuhesabiki. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeelekeza njia.

Siku zilikwenda hivyo. Watu wa mtaa walipita kumjulia hali marehemu, wakamkuta mchangamfu kiasi, wakaondoka. Lakini jirani, ambaye alikuwa naye kutwa, ndiye aliyeona mambo yanavyoharibika, na ndiye aliyemshika binti mkono getini.

"Shoga, mama anasahau. Jana alimsahau marehemu baba yako. Leo kaniuliza watoto wale wawili ni wa nani."

"Amekuwa mzee."

"Uzee gani, mtu amekufa? Ameniambia mwenyewe. Anasema kungoja kunamla. Kila siku kinaondoka kitu. Anachoogopa ni kukusahau wewe. Akishasahau anamngoja nani, basi atabaki hapo hapo anangoja tu, na hata ukija kukaa mwaka mzima, haitasaidia."

Maneno hayo yalimwingia kifuani yakakaa. Aliogopa, na hofu ile haikumwacha tena, iwe yuko kwenye gari la kiwanda au kwenye foleni ya maji. Ubaya wa hofu ni kwamba nayo ilitaka nafasi. Kila alipokaa kwa mama sasa, juu ya soksi na sufuria kulikuwa na hofu, imejipanga mbele kabisa.

Alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikula chakula chake cha mchana amesimama, simu moja kila sikio, na wanawe aliwajua zaidi kwa picha.

"Naomba siku moja tu," binti alisema. "Mama yangu amefariki."

"Pole sana, dada. Mmezika?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Bado anaongea."

Msimamizi alifikiri, maana alipenda haki. "Kama anaongea, huo ni ugonjwa. Ugonjwa wa mzazi hauna likizo. Likizo ni ya msiba."

"Lakini amekufa. Muuguzi amesema."

"Basi zikeni, halafu uje tuzungumze." Simu zote mbili zikaita.

Jumapili alijifungia na mama. Aliwapeleka watoto kwa jirani, mume akalala, akazima jiko, akazima simu, akatia komeo. Mikono ilivyokuwa haitulii, akaifunga kwa kitambaa mapajani. Akafumba macho, akavuta pumzi polepole kama alivyosikia watu wanafundisha redioni, moja ndani, moja nje, akajikaza kisabuni asiwaze chochote. Alipofumbua macho, kitambaa kilikuwa kimefunguka na mikono yake ilikuwa inakunja shuka alilojifunika mama. Ilikuwa imeshafika kwenye magoti. Ilikunja vizuri, pembe kwa pembe, na yeye hakuwa na habari.

Mama aliitazama ile mikono. "Wewe ni dada wa kiwandani?" aliuliza. "Una mikono hodari."

"Ni mimi, mama. Mimi mwanao."

"Eh, ni wewe." Akacheka kidogo, akaona haya. "Nilikupoteza hapo kidogo."

Binti alilia. Alilia kwa sauti, bila kujali nani anasikia, akajipiga mapaja, akamwomba Mungu amtoe akili kichwani hata kwa muda wa kumeza mate, akamwomba mama msamaha na mama akampa, ingawa hakuwa na uhakika ni wa nini. Kisha mlango ukagongwa. Mdogo alikuwa amejichubua goti.

Jumatatu yote mama alimwita "dada." Jumanne asubuhi hakumwita kitu. Alimtazama tu, akauliza kama ndipo mahali pa kungojea. Honi ikalia barabarani. Binti alipanda gari akiwa amekata tamaa kabisa, na kazini alikunja bila kuiona mikono yake wala ya Mrefu.

Mchana umeme ulikatika.

Mashine za kufulia zilizunguka mzunguko wa mwisho zikasimama. Vikaushio vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Ukumbi wa kukunjia haukuwa na madirisha, kwa hiyo giza lilikuwa lile la kutoona kiganja. "Kila mtu alipo!" msimamizi alipaza sauti kutoka mbali, na baada ya hapo hakusema tena, maana hata simu zake zilikuwa hazina mtandao.

Binti alikuwa ameshika pembe mbili za shuka la kitanda kikubwa. Pembe nyingine mbili zilikuwa kwa Mrefu, hatua kadhaa gizani. Kulikunja hawakuweza, kuliweka chini hawakuruhusiwa. Kwanza alihesabu soksi. Zikaisha. Akafikiria sufuria, goti la mtoto, sare, foleni ya maji, na hivyo vyote vikapita vikaisha, kwa sababu hakuna hata kimoja alichoweza kukifanyia lolote na shuka lile mikononi. Hata hofu ilichoka kusimama. Mahali fulani bomba lilidondosha tone, kimya, tone. Kitambaa kilikuwa bado na joto la kikaushio. Alilisikia lile joto vidoleni, akasikia pumzi yake ikiingia na kutoka bila kuamrishwa, na hakutaka kitu.

Shuka likawa zito.

Lilibonyea katikati, taratibu, kama kitanda kinavyobonyea mtu mzima anapoketi. Binti alikaza mikono. Upande wa pili Mrefu naye alikaza. Alilisikia shuka likivutwa sawasawa, halikutetereka. Palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mama.

"Hapo sasa," mama alisema. "Hapo umekaa, mwanangu."

"Nimekaa, mama."

"Mwanangu," mama alirudia, kwa raha ya mtu aliyepata kitu chake mfukoni. Hawakusema mengine. Walikuwa pamoja, basi, mmoja amesimama na mmoja ameketi, na yale yote ambayo binti alikuwa amepanga kumwambia hayakuhitajika. Mabega yalimuuma, akayaacha yaume. Baadaye uzito uliondoka, upande mmoja kwanza kisha wa pili, kama mtu anayejisaidia kuinuka, na shuka likawa jepesi tena. Hakuna aliyeliachia.

Umeme ulirudi. Watu walipepesa macho. Mashine zilinguruma. Msimamizi alipita akikagua, akaona katikati ya shuka lao kikunjo kikubwa cha mviringo.

"Limegusa chini?"

"Halijagusa," Mrefu alisema.

"Lina alama ya mtu kukaa. Mteja hatalitaka. Lirudi kufuliwa." Kisha akapanda juu ya kreti atangazie wote kwamba muda uliopotea utafidiwa jioni hiyohiyo, na mtu asiondoke. Binti alisema mama yake amekwenda sasa hivi. Msimamizi alimpa pole kwa dhati, akamwambia kazi ikiisha aondoke wa kwanza.

Alifika nyumbani taa zimewashwa na mama ameshanyooshwa, macho yamefungwa. Jirani alimkumbatia. Alisema mchana mama aliamka ghafla, akaomba achanwe nywele, akasema anaitwa kazini kwa mwanawe. Kisha akalala kiubavu, akacheka, na ikawa ndiyo hivyo. "Umemuaga, shoga. Mshukuru Mungu." Binti alitaka kumshukuru. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuingia, viti havikutosha, na mtu alimuuliza sukari inawekwa wapi.

Walizika asubuhi iliyofuata. Kutoka makaburini alimpigia msimamizi kuomba ile likizo ya msiba. Msimamizi aliangalia kanuni, akamsomea kwa huruma. Siku za msiba huhesabiwa tangu siku ya kufa, na mama, kwa maneno ya muuguzi na ya binti mwenyewe, alikufa Jumanne ya wiki iliyopita. Zilikuwa zimekwisha. Kama angewahi zamu ya mchana, wangesahau hiyo nusu siku.

Aliwahi zamu ya mchana. Viatu vyake vilikuwa bado na udongo, na akavifutia nje ili asichafue. Mrefu alikuwa anamngoja na shuka la kwanza. Walilinyoosha, wakaendeana, na walipokaribiana pua kwa pua Mrefu hakuachia pembe kama kawaida. Aliinama sikioni kwake, ndani ya ule mngurumo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akamwambia habari ya nyumbani kwake.

"Mama yangu mimi anangoja tangu mwaka jana," alisema. "Hajui tena anamngoja nani."

Kisha akampa pembe, akarudi nyuma kuchukua shuka jingine.