Manyoya ya Banda la Nne

Asubuhi ile maji ya kuku yalikuwa yameganda. Dulcie Pybus aliyapasua kwa kisigino cha buti lake la mpira, akavitupa vipande vya barafu chini ya mtofaa, kisha akamimina maji vuguvugu kutoka kwenye birika. Kuku walimtazama tu. Walikuwa wananyonyoka, na kuku anayenyonyoka hana haraka na mtu.

Walikuwa watatu. Ivy na Thelma walinyonyoka kama kawaida yao kila kipupwe, shingo kwanza, kisha kifua, mkia mwisho. Queenie alikuwa habari nyingine. Huyo Darrell, mwanawe Dulcie, alimleta alfajiri moja akitoka kazini, kamficha ndani ya koti, akamweka juu ya meza ya jikoni karibu na siagi. Alikuwa mwekundu mtupu kama kitoto cha panya. Manyoya yake yote yalikuwa yameishia kwenye waya za kizimba, na mdomo wake ulikuwa umekatwa ncha.

"Huyu alijificha chini ya vizimba, Mama," Darrell alisema. "Lori likaondoka bila yeye."

"Ana jina?"

"Jina la nini? Kuku wa banda la tatu huyo."

Dulcie akamwita Queenie, jina la mama mkwe wake, kwa sababu ya shingo.

Darrell alikuwa mkamataji kuku katika mabanda ya mayai ya Bwana Hanigan, ng'ambo ya kilima. Wakamataji huitwa usiku, maana kuku gizani ni mpole. Kuku wa pale hutaga mwaka mmoja na kitu. Ikikaribia siku yao ya kunyonyoka mara ya kwanza, mayai hupungua, na lori la machinjioni huja. Kwa hiyo bondeni pale hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona kuku wa Hanigan akiota manyoya mapya.

Dulcie alitaka huyu mmoja aote. Kipupwe kile hakutaka kitu kingine.

Sasa, wanawake wa bonde lile wana tabia moja. Kitu kikionekana kinasikia baridi, wao hukifumia sweta. Waliwahi kulifumia sweta bomba la maji la kanisa, na likavaa miaka mingi. Kwa hiyo haikupita wiki, jirani yake Noelene akaja na sweta dogo la kijani na njano, lina matundu mawili ya mabawa.

"Rangi za timu hizi?" Dulcie aliuliza.

"Ndiyo sufu iliyobaki. Wakifungwa Jumamosi msimlaumu kuku."

Queenie alivalishwa. Alizunguka ua mara moja, akasimama kwenye kona ya banda, akabaki hapo. Ukungu ulishuka kutoka mlimani kama kila siku, sufu ikaunywa. Siku zilizofuata hakugusa chakula. Dulcie alipoingiza kidole chini ya sweta alikuta majimaji ya baridi, na katika ngozi vijiti vya manyoya mapya, vya buluu, vina damu ndani, vimelazwa chini na uzi kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe. Kuku alipiga kelele alipoguswa. Dulcie akachukua mkasi wa kushonea, akalikata sweta tangu shingoni hadi mkiani.

"Umelikata sweta langu," Noelene alisema alipokuja kunywa chai.

"Lilikuwa linambana, mwenzangu. Vijiti vinauma kama jino la mtoto."

"Ungesema tu, ningefuma kubwa."

"Hataki kubwa. Anataka aachwe."

"Marehemu mume wangu naye alikuwa akisema hivyohivyo, na unajua nilimzika kipupwe." Noelene akaongeza sukari. "Hebu nione. Mh. Mbaya kweli. Mbaya kama Queenie mwenyewe, mama mkwe wako."

Dulcie alimweka katika kreti la matofaa, ndani ya nyasi kavu, mbali kidogo na jiko la kuni ili asizoee joto la ndani akashindwa na baridi ya nje. Alimpa dagaa wa kopo na yai la kuchemsha lililopondwa, maana unyoya hujengwa kwa nyama, hauji kwa maombi. Kilemba chake chekundu cha kichwani alikipaka mafuta ya mgando kisiungue kwa jalidi, ule umande ulioganda. Hakumshika zaidi ya hapo. Polepole vijiti vikasimama.

Asubuhi ambayo kijiti cha kwanza kilipasuka na kutoa unyoya, mlango wa nyuma ulikataa kufunguka. Dulcie aliusukuma kwa bega. Ua wote ulikuwa umejaa manyoya ya rangi ya kutu, yanafika magotini, kutoka ukingo wa banda hadi kwenye kamba ya nguo. Ivy na Thelma walikuwa wamepanda juu ya paa la banda. Nyumba ya Noelene haikupata hata moja. Dulcie alitazama juu kwa mazoea tu, mbingu ilikuwa safi. Akainama akayashika. Yalikuwa na joto, na chini yake jalidi ilikuwa imeyeyuka. Akarudi ndani kuchukua ufagio, akauona mdogo, akachukua uma wa nyasi.

Darrell alifika kutoka kazini na mikono iliyokwaruzwa. Alisimama getini, akaokota unyoya mmoja, akaugeuza.

"Hawa ni kuku wa banda la nne," alisema. "Tumelimaliza leo."

"Una hakika?"

"Nimewashika, Mama."

"Basi wamekuja kunyonyokea hapa."

"Itakuwa hivyo. Mkate upo?"

Mtu wa halmashauri alikuja mchana, akasimama nje ya ua kwa adabu.

"Bi Pybus, manyoya yako yanaziba mtaro."

"Si yangu."

"Yako uani kwako, Bi Pybus."

Hilo lilikuwa kweli. Walizoa pamoja, na jioni akaondoka na gunia moja la kumpelekea mama yake mjini Hobart.

Baada ya hapo, kila banda lilipomalizwa, ua ulijaa. Wanawake walikuja na foronya zao bila kuitwa. Bonde zima likapata mito na mifarishi, hata viti vya kanisa vikawekewa mito ya kukalia. Ilikuwa mito ya ajabu kidogo kwa kuwa haipoi. Mchungaji alishukuru kwa kile kilicholetwa, akapita haraka penye swali la kilikotoka.

Queenie akavaa manyoya kidogokidogo, mkia mwisho. Kipupwe kilipoisha alikuwa na rangi ya shaba mpya, na mwezi wa tisa akataga yai. Dulcie alimtia kikapuni, akamfunika kwa kitambaa, akapanda kilima hadi ofisini kwa Hanigan.

"Nimekuletea umwone."

"Kuku mzuri," Hanigan alisema.

"Ni wako. Alikuwa wa banda la tatu."

Hanigan aliinamia kikapu. Hakuwa mtu mkali. Alimpitishia mgongo wa kidole kifuani. "Kumbe huwa hivi."

"Huwa hivi wakiachwa. Waache na wengine wanyonyoke. Kipupwe kimoja tu, Bwana Hanigan."

"Bi Dulcie, anayenyonyoka anakula na hatagi. Siwezi kulisha waliopumzika." Akamfunika kuku vizuri na kitambaa. "Mke wangu alitaka nikuulize kama mito miwili itapatikana. Mgongo unamsumbua."

Dulcie alisema itapatikana, atampa Darrell ailete. Njia nzima ya kurudi Queenie alilala kikapuni.

Siku hizi Darrell hulala mchana. Kupitia ukutani mama yake humsikia akiugeuza mto wake huku na huku, akitafuta upande wa baridi. Hajawahi kuomba mto mwingine. Jioni hunywa chai akiwa amesimama, ameshavaa mabuti.

"Leo lipi?" Dulcie humuuliza.

"La tano."

"Haya. Geti usilifunge, wenzangu watakuja mapema na foronya."

Akishaondoka, Dulcie hutundika magunia kwenye kamba ya nguo na kuusimamisha uma wa nyasi karibu na mlango. Kisha huwaita kuku ndani, wasifukiwe. Ivy hutangulia, Thelma hufuata. Queenie huingia mwisho, husimama katikati ya jikoni na kujikung'uta kwa nguvu, mwili mzima, na hakuna hata unyoya mmoja unaodondoka.