Mshiriki Namba Kumi na Saba

"Mkono wake wa kushoto una kovu. Aliungua na chai akiwa na miaka minne, alininyang'anya kikombe."

Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha nikaugeuza mkono wangu wa kushoto juu ya meza na kuutazama kama mtu anayeonyeshwa kitu kilichookotwa njiani.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita. Tukuyu ilikuwa imejifunika ukungu mzito, kiasi kwamba saa nne ilishafika na maduka ya jirani bado yamewasha taa. Ofisini tulikuwa wawili. Neema, binti wa Singida tuliyemwajiri kuhoji watu vijijini, alikuwa ameziba masikio kwa visikilizio, ananakili sauti alizorekodi. Mimi nilikuwa nasoma alichokwisha kunakili na kukipigia mistari ya rangi: nyekundu kwa uongo, bluu kwa ukimya, kijani kwa faraja. Washiriki hawakuwa na majina. Huyu alikuwa namba kumi na saba, mwanamke, miaka sitini na minane, mkulima.

Nikajiambia kwamba Rungwe imejaa watoto waliounguzwa na chai. Nikaendelea.

"Ni msomi. Anafanya kazi za karatasi huko mjini. Mwaka jana, mwezi wa kumi, walimkata rovu la shingoni. Majibu ya kile kinyama walichokipeleka kupimwa yalipotoka nilikwenda kuyachukua mimi na kaka yake. Daktari akasema ndani ya rovu mlikuwa na saratani. Tukamwomba asimwambie. Tukarudi nyumbani tukasema ni rovu tu, limekwisha, mshukuru Mungu."

Mkono ule ule wenye kovu ulipanda wenyewe hadi shingoni, ukaugusa mstari ulioachwa na nyuzi.

Mradi wetu uliwashangaza wengi. Uliwaweka chumba kimoja watu ambao kwa kawaida hawasalimiani: Dakta Beatrice wa saikolojia aliyeuongoza kutoka chuoni, Dakta Hosea wa maadili ya tiba, mimi wa sosholojia, na Mzee Erasto, aliyefundisha Kilatini seminari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafia Lufingo. Swali letu lilikuwa moja: kwa nini familia humficha mgonjwa ugonjwa wake, na kumficha huko humfanya nini? Mzee Erasto alikuwa anasoma maandishi ya Warumi wa kale kuona kama nao walifanya hivyo. Alikuja kila Jumatano kwa bodaboda, na buti za mvua, vitabu vyake vimefungwa kwenye mfuko wa mbolea visilowe. Watu wa halmashauri walipomuuliza Kilatini na Rungwe wapi na wapi, aliwajibu, "Hata Warumi walikuwa na mama."

Wiki moja kabla ya asubuhi ile alitufundisha maneno mawili ubaoni. *Simulare* ni kujifanya una kitu ambacho huna. *Dissimulare* ni kujifanya huna kitu ambacho unacho. "Kiswahili chetu kinayaweka yote kwenye kapu moja la kujifanya," alisema. "Lakini ninyi mkisoma mahojiano, yatenganisheni. Mara nyingine mtayakuta yote mawili kwa mtu mmoja."

Nililipenda somo lile. Nilipenda kila kitu cha kazi ile. Katika rasimu ya ripoti nilikuwa nimeshaandika, kwa lugha safi, kwamba mgonjwa asiyeambiwa kwa kawaida hujua: huwasoma nduguze nyuso, husikia minong'ono inavyokatika anapoingia. Nilikuwa na uhakika kabisa. Na muda wote huo niliokuwa naandika, kila asubuhi nilimeza kidonge changu cha tezi kwa chai ya rangi, sikujua lolote.

Nikashuka ukurasa wa pili.

"Daktari anataka kumwona kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo najifanya naumwa mimi. Ananisindikiza hospitali. Tukifika, daktari anasema, na wewe kwa kuwa umefika, hebu tukuangalie shingo, tutoe na damu. Anakubali. Ana huruma sana, ananibebea hadi kikapu."

Nilizikumbuka safari zile moja moja. Ya mwezi wa kwanza, mama akiugulia njia nzima huku ameniegemea begani, nami nawaomba watu wampishe. Ya mwezi wa nne, nilipolia chooni hospitalini nikidhani nampoteza. Nilitoka nimenawa uso ili asijue nimelia. Nikamkuta anacheka na muuguzi; aliponiona akashika kiuno.

Hapo ndipo nilipoifikia sentensi ambayo mpaka leo naweza kuisema kwa moyo.

"Kuna dawa ya kumeza huko Dar es Salaam, ya kuua mabaki. Daktari alisema asipitishe mwaka. Sasa tunatafuta uongo wa kumpeleka Dar. Bado hatujaupata."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi minane ilikuwa imekwenda.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikiwa nje, sina koti, nimeushika ukuta wa ofisi kwa viganja viwili, manyunyu yakiniingia shingoni. Ndani ya kichwa changu hakukuwa na wazo hata moja. Kulikuwa na mvumo tu, kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali.

Neema alinifuata. "Dada Tuli, vipi? Umeona nini?"

"Baridi tu," nikamwambia. "Nimeshikwa na baridi."

Nami nikawa nimedanganya, bila hata kufikiri.

Dakta Hosea alikuwa chumba cha pili, mtu mpole mwenye kuongea kwa kupima kila neno. Yeye ndiye aliyetunza orodha ya majina kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Niliingia bila kubisha.

"Namba kumi na saba ni mama yangu," nikasema. "Na mgonjwa anayefichwa ni mimi."

Alivua miwani. Nilimwona akitafuta pa kuiweka na asipaone, mezani pote pakiwa patupu. Hakufungua sanduku lake. Nadhani uso wangu ulimtosha.

"Tulimwahidi kwamba alichosema hakitamrudia," alisema mwishowe. "Tulimwandikia, akaweka dole gumba."

"Najua. Mimi ndiye niliyeitunga ile fomu."

"Kwa hiyo huwezi kumwendea na maneno yake."

"Na mimi je, Dakta? Mimi ni nani kwenye utafiti huu? Mshiriki? Mtafiti? Au ni marehemu mtarajiwa?"

Aliirudisha miwani usoni. Kisha akasema jambo ambalo liliniokoa, ingawa siku ile niliona kama ananifukuza. "Mahojiano ni ya mama yako. Lakini majibu ya hospitali ni ya kwako, Tulinagwe. Shingo ni yako. Nenda kayaulize kwa daktari wako. Si lazima umwambie yeyote kilichokutuma."

Kabla sijaondoka nilimwomba Neema ile sauti. Sikuwa naiamini karatasi, nilitaka kusikia. Akanipa visikilizio vyake. "Mwisho nimeukata kwenye nakala," alisema. "Ni maneno ya kuagana tu, hayana utafiti."

Mama alikuwa anaongea Kinyakyusa, na mkalimani, mwalimu mmoja wa Kisondela, anafuata nyuma yake kwa Kiswahili. Nyuma ya sauti zao kuku walikuwa wanalialia. Nilimsikia mama akiyasema yote kwa sauti ile ile anayonisimulia nayo habari za mvua. Neema akamshukuru. Kiti kikaburuzwa. Halafu mama akauliza, safari hii kwa Kiswahili chake mwenyewe cha kukwaruza:

"Haya maneno yanakwenda wapi?"

"Ofisini kwetu, mama. Pale Tukuyu."

"Wanaosoma ni wengi?"

"Tupo wachache tu. Tunasoma yote."

Kuku wanalia. "Umeandika habari ya mkono?"

"Mkono upi, mama?"

"Wa kushoto. Wenye kovu. Andika. Usisahau hiyo."

"Nimeandika, mama."

"Ndaga fijo," mama akasema. Ahsante sana. Sauti ikakatika.

Nilibaki nimeshikilia visikilizio kwa mikono yote miwili. Mama alijua ninapofanya kazi. Alijua ninafanya kazi na watu wanaouliza maswali. Hakuweza kuniambia, na hakuweza kuendelea kunyamaza. Hasira niliyokuwa nayo tangu saa nne haikuondoka, lakini ilikosa pa kukaa.

Daktari nilimwona kesho yake. Simtaji jina wala hospitali yake. Alikuwa kijana wa umri wangu, na nilipomwambia nimekuja kuchukua majibu ya mwezi wa kumi, aliufunga mlango taratibu.

"Nani amekuambia?"

"Nimekuja kukuuliza wewe."

Akafungua faili. Alisoma akiwa ameinamisha kichwa, jina la ugonjwa, ukubwa wake, dawa inayotakiwa, na tarehe ya mwisho ya mimi kufika Dar. Aliposoma tarehe sauti yake ilififia. "Mama yako alipiga magoti hapa ulipokaa," alisema. "Alisema wewe una moyo mwepesi, ukiambiwa utakufa kabla ya siku yako. Kaka yako naye akasema hivyo hivyo. Nikaona, familia yenyewe imeomba."

"Dakta, mwenye shingo ni mimi."

"Najua."

"Ulijua na siku ile?"

Aliandika barua ya rufaa, akaipiga mhuri, akaniambia saratani ya aina ile ikiwahiwa inatibika na kwamba bado hatujachelewa. Kisha, nikiwa nimeshika mlango, akasema, "Nisamehe." Nilitaka kumjibu vizuri. Nikaitikia tu kwa kichwa.

Kisondela, kijijini kwetu, nilifika mchana, bodaboda ikiteleza kwenye tope jekundu kati ya migomba na miparachichi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamenya ndizi za kupika, na beseni la maji miguuni pake. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua macho, akasogeza kigoda cha pili kwa mguu. Nikakaa. Nikachukua kisu kingine.

Tulimenya ndizi tano, labda sita.

"Mama, nimetoka kwa daktari. Nimeyajua yote."

Kisu chake hakikusimama. Kiliendelea kushuka juu ya ganda, taratibu sana, mpaka mwisho wa ndizi. Aliiweka ndizi kwenye maji. Halafu akaingiza na mikono yake humo, akaiacha.

"Daktari ndiye aliyekuambia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiye."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, si na yeye wala na mtu mwingine. Alikuwa anasubiri niseme neno moja zaidi, na neno hilo lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini tulimwahidi kwamba alichosema hakitamrudia, na ahadi ile niliitunga mimi. Sikulisema. Akaelewa kwamba sitalisema. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa tenga la ndizi.

"Nilishindwa," akasema. "Kila siku nilipanga kesho. Ukija, nakuona unacheka, nashindwa."

"Ningekufa, mama."

"Ndiyo," akasema, na ndipo alipoanza kulia, mikono yake bado ikiwa ndani ya maji. "Ndiyo, mwanangu. Ungekufa mimi nakupikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani, kwa kumlaumu na hata kumpigia kelele. Sikuwa nimejiandaa kwa mama kusema "ndiyo." Nikaitoa ile mikono kwenye maji, nikaikausha kwa khanga yangu.

Kazi ya namba kumi na saba nilimwachia Dakta Beatrice. Ile aya yangu kuhusu mgonjwa ambaye hujua, niliifuta. Mzee Erasto alipoona pengo katika rasimu hakuuliza. Nadhani Hosea alimdokeza kwamba naumwa, basi. Jumatano ile alinishika mkono kwa mikono yake miwili, yule mzee wa maneno mengi, akakosa hata la Kilatini.

Dar tulikwenda mwezi wa saba, mimi na mama. Dawa yenyewe ni kidonge kimoja tu, lakini ukishakimeza mwili wako unatoa mionzi, na hakuna anayeruhusiwa kukukaribia. Walinifungia chumba cha peke yangu kwa siku tatu. Chakula kiliachwa mlangoni. Mama, ambaye hakuwahi kuvuka Mbeya maishani mwake, alikaa kwenye benchi mwisho wa korido na joto lile la Dar, sweta lake la Tukuyu halivui, akiniongelesha kwa simu. Alinieleza kila aliyepita. Alinieleza viatu vya wauguzi.

Siku ya tatu walinipitisha kwenye mashine ya picha, wakanirudisha chumbani kusubiri majibu. Simu ikaita.

"Daktari ametoka," mama akasema, chini chini. "Ana karatasi. Amesimama hapa karibu yangu."

"Anasema nini?"

"Bado hajasema." Nilimsikia akihema. "Ananiuliza mimi ni nani wako. Nimemwambia. Anauliza aniambie mimi au aje kwako."

Nilikaa kitandani, simu imeniganda sikioni.

"Mama?"

"Nimemwambia aje kwako," akasema. "Anakuja. Mimi nitasogea mpaka pale wanaporuhusu, mlango ukifunguliwa nami nisikie."

Nilizisikia hatua za daktari zikikaribia koridoni, na nyuma yake, polepole, ndala za mama.