Joho Linalofungwa Mgongoni

...kifungo cha tatu ndicho kinachomshinda, cha juu anakifikia akipinda mkono, cha chini pia, lakini hicho cha katikati ya mabega hata ajikunje vipi vidole vinakomea hewani, na kule kanisani kinanda kimeshaanza, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, anabisha mlango wa chumba cha majoho, "Shemeji! Kwaya nzima imejipanga, umebaki wewe tu," naye anajibu, "Nakuja," kwa sauti ya mtu asiyekuja, maana wimbo wa leo ni wa furaha na ubeti wa pili ni wake peke yake, miezi minne tangu amzike mkewe, asimame mbele za watu atamke kwamba moyo wake umejaa furaha, yeye ambaye kazini, kwenye maabara ya maji, hatii saini kipimo asichokipima mwenyewe... mchungaji amemwambia furaha ya Mkristo haingoji mambo yakae sawa, mtume mwenyewe aliwaandikia watu wafurahi huku yuko gerezani, akaitikia kwa kichwa, kimoyomoyo akasema mtume hakuwa na mke wa kuzika... "Shemeji, umelala humo?"... na haya majoho, fundi alikosea tu, aliambiwa vifungo mbele akaviweka nyuma, ishirini na sita yote, kwaya ikataka kuyarudisha, mkewe ndiye aliyekataa, "Yaacheni, sasa hakuna atakayeimba bila mwenzake," na tangu hapo kila Jumapili alimfunga mumewe kwanza, kisha mdogo wake, "Nyooka, Bwana Vipimo, unanipotezea tundu," vidole vya baridi, harufu ya sabuni, miaka tisa, hadi ile Jumapili ya mwisho alipochelewa mno kwenye kifungo kimoja, akamwuliza, "Vipi, umesahau kazi?" mkewe akacheka, naye hakugeuka, laiti angegeuka, maana daktari alikuwa amekwisha kumwambia kuwa hatapona, cheti alikuja kukikuta kwenye mkoba wake baada ya mazishi, tarehe ya Ijumaa, siku mbili alijua, alijua na vidole vinamuuma na bado alikuwa akiuimba wimbo kwa mdomo uliofumbwa, huu huu, ubeti huu wa pili, akimpa sauti ya kuanzia... na hakuwa akiigiza, mwanamke ambaye hakudanganya hata umri wake, basi kilichokuwa ndani yake ni nini, kitu kilichokaa na maumivu chumba kimoja bila kuyafukuza, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka majini, jicho haliioni, kipimo kinaiona, na yeye miezi yote hii amekuwa akingoja huzuni itoke kwanza ndipo furaha iingie, kumbe amekaa mlangoni anamzuia mgeni aliyekuwamo tangu zamani... au anajidanganya, hajui, hawezi kutia saini, ila ubeti anaweza kuuanza, kuuanza tu... "Shemeji, jamani, mchungaji anaangalia saa," na safari hii sauti ya nje inakatika katikati, na joho bado liko wazi mgongoni, mlango bado umefungwa, kinanda kimerudia mwanzo wa wimbo kwa mara ya tatu, anaacha kutafuta kifungo, anaushusha mkono, anaupa mlango mgongo.

"Shemeji," anasema, "na wewe leo joho umefungwa na nani?"

Kubisha kunakoma, mlango unafunguka.