Kitanda chenye Oksijeni

Siku ile ya mwaka 1968, Sista Loyi wa hospitali ndogo ya misheni nje ya Bwera alishinda kwenye redio ya kambi ya askari, akiomba kitanda kama mtu anayeomba moto kwa jirani. Mtoto wa Tabisa, mama aliyeteremka naye mgongoni kutoka Kyondo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, alikuwa na homa ya mapafu, na midomo yake ilianza kuwa ya buluu. Hospitali ya kwanza haikuwa na oksijeni. Ya pili, mtungi wake ulikuwa na mgonjwa. Ya tatu, kule juu mgodini, ikajibu: kitanda kipo, mleteni.

Koplo Semakula, bwana redio, alikuwa bahili wa maneno. "Sista, sema jina tu. Redio si ya hadithi."

"Masereka," akasema Loyi. Landrova ikatumwa kutoka Kasese.

Yeye mwenyewe alikuwa wa kabila la Wakonzo, angepaswa kukumbuka. Kwao jina hufuata nafasi ya mtoto kuzaliwa, na kila nyumba yenye wavulana wa kutosha ina Masereka wake. Lakini hofu ilikuwa imemla akili.

Alasiri redio ikakoroma: "Masereka amefika. Anapumua vizuri sana!" Loyi na Semakula wakashikana mikono kwa furaha. Loyi akarudi hospitalini moyo mweupe, na barazani akamkuta Tabisa amekaa palepale, mtoto kifuani akihema kwa taabu.

Dereva alikuwa ameita jina, na Eseri, ambaye mwanawe alivunjika mguu, akaitika na kupanda. Angefanyaje? Masereka wake ndiye huyo.

Loyi alirudi redioni mbio, analia bila haya. "Rudisheni gari, afande! Si huyo!" Landrova ikarudi na vumbi lake lote, ikambeba mtoto aliyebakiwa na pumzi kidogo tu. Aliponea chupuchupu.

Wakati wa kurudi kwao, Tabisa alipita kushukuru na kikapu cha maharagwe. Loyi hakuweza kukipokea kabla ya kuuliza.

"Mama, ulikuwa hapa gari ikiondoka. Kwa nini hukupiga kelele?"

Tabisa akamtazama kwa mshangao. "Nilizani mumechagua ule mwengine, Sista. Bote beko batoto. Nikaanza kumulilia wangu pole-pole, asisikie."